Nilimlea mtoto wa dada yangu hadi nikawa dada yangu

Mshauri wetu mpendwa, pole na kazi, nakuandikia kutoka Nkololo nikiwa na shukrani na shida kwa pamoja, naomba uzisome zote mbili. Dada yangu Nyamizi alifariki akamwacha binti yake Salu ana miezi minane, na siku ya kuondoa matanga mjomba Bujiku alinisimamisha mbele ya ukoo akasema, "Generoza, kuanzia leo Nyamizi ni wewe," maana kwetu marehemu hutafutiwa wa kusimama mahali pake, nami nikapokea mtoto, vitenge, jembe na hata jina, na miaka sita sasa watu wananisalimia "Mwadila, mama Salu," wengine Nyamizi kabisa, naitika, nacheka kicheko chake, na Salu hajui kwamba niliwahi kuwa mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilikuwa Bariadi mjini, Jumapili baada ya ibada mwalimu Danford wa hapo kanisani akatuonyesha filamu ya zamani kutoka Sweden, haina rangi, wanawake wawili wanaishi nyumba moja, mmoja anaanza kuvaa gauni la mwenzake, anasoma barua zake, mwisho anasimama mbele ya kioo hajui yeye ni yupi. Mwalimu ndiye hututafsiria kwa kipaza sauti, lakini hii ilikuwa kimya mno hadi mama Esteria, aliyekaa nyuma yangu, akapaza sauti, "Mwalimu, umesinzia?" Akajibu, "Hawajasema kitu, mayu, nitafsiri nini?" Watu wakacheka, wengine wakatoka, mimi nikabaki nalia kwa sababu uso wa yule mwanamke ulijaa turubai lote la kuonyeshea kama anayeijua siri yangu, na mpaka leo namshukuru aliyeitengeneza, jina lake silijui.

Sasa Januari Salu anaanza darasa la kwanza na cheti chake cha kuzaliwa kinasema mama ni Nyamizi wakati kitambulisho changu kinasema Generoza, nataka nimwambie ukweli, mjomba anasema, "Usimvuruge mtoto, kwani amekosa nini?" nami naogopa akijua ataacha kuniita mama. Nifanye nini?

Generoza, Nkololo

JIBU

Generoza, asante kwa barua. Nimeandika safu hii miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kuniletea filamu kama shahidi. Nilimpigia mwalimu Danford, akaniazima hiyo filamu, nikaitazama mara mbili. Nakushukuru kwa hilo pia.

Umeielewa vizuri, isipokuwa mwisho. Unadhani yule mwanamke alipotezwa na gauni. Mimi niliona jingine: filamu nzima hakuna hata mtu mmoja anayemwita kwa jina lake. Gauni halina kosa. Vitenge vya dada yako vivae mpaka vichakae.

Mjomba naye siku ile hakukosea. Aliona mtoto anahitaji mama, akampa. Lakini mila ilikutaka usimame mahali pa Nyamizi, haikukutaka umfute. Sasa hapo Nkololo wamepotea wawili: wewe unayeitikia jina lisilo lako, na yeye ambaye binti yake hajawahi kumlilia. Hilo ulipaswa kuliona kabla Waswidi hawajakuonyesha.

Kuhusu kuitwa mama, acha woga. Kwenu dada wa mama ni mama. Nafasi hiyo hakuna wa kukunyang'anya.

Mwambie kabla ya Januari, mwalimu wa darasa asikutangulie. Iwe asubuhi, ameshiba, mko wawili. Usizunguke. Sema: "Aliyekuzaa anaitwa Nyamizi, alikuwa dada yangu, alifariki. Mimi ni Generoza, nami ni mama yako." Kisha mpeleke kaburini. Mjomba mpe taarifa, usimwombe ruhusa. Salu akiuliza kwa nini ulimficha, usimsingizie mtu, sema uliogopa.

Atalia, ataomba uji, kesho yake atauliza yale yale. Mjibu kila mara, mpaka siku atakaposimulia habari za Nyamizi yeye mwenyewe, nawe ukae usikilize.