Mkono Alioutaja Zuhura

Jumanne, 2 Machi 1971
Ofisini Malindi. Karatasi za shehena mpaka saa tisa. Nimekosea mara mbili, nikaogopa mkubwa ataona. Hakuona.
Nyumbani nimemkuta Mama ameweka sikio kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa dada Zuhura. Hufanya hivyo kila siku tangu Zuhura arudi kutoka Ulaya, anakosoma mumewe. Mimba iliharibika kule, figo zikagoma. Madaktari waliunganisha mishipa miwili mkononi ili mashine imsafishie damu. Figo zimeamka, lakini mshipa umeachwa, pengine utahitajika tena. Unavuma kama nyuki ndani ya chupa. Mama anausikiliza kama redio.
Mkono wangu hauna sauti. Nina wivu. Basi nimeandika.

Alhamisi, 4 Machi
Jirani yetu Bi Fatma anamwoza binti yake mwezi huu. Amekuja kumtaka Zuhura achore hina. Zuhura alipokuwa hayupo nilichora mimi, na hakuna aliyelalamika. Leo Bi Fatma kanicheka. "Salma, maua yako yamenyooka kama rula ya ofisini. Mwenye mkono kesharudi."
Nilitabasamu. Nilitaka kummwagia chai.

Jumapili, 7 Machi
Zuhura aliinua birika kwa mkono wa kushoto, ule unaovuma. Mpini ulikuwa moto. Hakuuachia. Nilisikia harufu ya ngozi ndipo nikampokonya. Kiganja kimebabuka, na ncha za vidole baridi kama samaki.
"Usimwambie Mama. Vimelala tu."
Wazo langu la kwanza: hina ya harusi itakuwa yangu. Ndilo la kwanza kabisa. Najiogopa.

Ijumaa, 12 Machi
Sasa najua zaidi. Zuhura ni wa shoto, hilo nalijua siku zote. Mbele za watu hula na kupokea kwa kulia, kwa kuwa Mama alimpiga mkono ule tangu utotoni. Hina huchora kwa kushoto, mlango umefungwa. Mabibi harusi wanajua, hawasemi.
Kule Ulaya daktari alimuuliza anafanya kazi kwa mkono gani. Alitaka kupasua ule mwingine. Zuhura akasema wa kulia, basi wakapasua wa kushoto.
"Ningemwambiaje mgeni kuwa nafanya kazi kwa mkono wa chooni?"
Akacheka. Mimi pia. Kisha kijiti cha hina kikamtoka mkononi, naye hakujua.
Aliambiwa ganzi ikija amwone daktari mara moja. Hataki. Watafunga mshipa, na figo zikigoma tena hapatakuwa na njia ya mashine.
Nikinyamaza, nachora. Nimenyamaza.

Jumatano, 17 Machi
Kidole chake kidogo hakikunjuki. Nimemwambia Mama. Si kwa wema. Hofu imezidi wivu, basi.
Zuhura hasemi nami.

Ijumaa, 19 Machi
Hospitali. Daktari, mgeni, alimchoma sindano vidoleni huku Zuhura amefumba macho. Kati ya vitano alitambua kimoja. Alitueleza: damu inapita njia ya mkato, haifiki vidoleni, na mishipa ya fahamu inakufa kwa njaa. Ufungwe mshipa. Huenda mkono ukarudi, huenda usirudi.
Mama alikataa. Kwake mvumo ule ndio uhai.
Zuhura akasema, "Mama, mashine iko Ulaya. Mkono uko hapa."
Hakunitazama.

Jumatatu, 22 Machi
Wameufunga. Mama amelala na sikio pale pale, juu ya bendeji.

Jumamosi, 27 Machi
Nimemchora binti wa Bi Fatma, mikono na miguu. Bi Fatma akasema, "Kumbe nawe unaweza." Kisha kila mwanamke akaniuliza hali ya Zuhura. Kila mmoja. Hata siku yangu ni yake.

Jumapili, 13 Juni
Mvua za masika zimekwisha. Vidole vitatu vimerudi, viwili bado. Figo zimetulia. Asubuhi Mama bado hushika kifundo kile kisichovuma.
Baada ya adhuhuri Zuhura aliniita. Akachukua kijiti, akachora jani kiganjani mwangu. Kwa mkono wa kushoto, mlango wazi. Mama alikuwa karibu anachambua mchele. Alitazama mkono ule, kitambo. Akaendelea na mchele wake.
Shina limepinda. Hata hivyo jani lile linayapita yangu yote. Nimeona wivu.
Nimekaa, kiganja wazi, nikingoja likauke.