Ua Linalosikia Baridi

Ilomba, Mbeya
Alhamisi

Kwa dada yangu Mwanakhamisi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii imekukuta mzima, kifua cha mama kimepungua, na baridi ya Iringa haijawahamishia jikoni nyote. Sisi huku hatujambo, mvua inanyesha kila tukianika, kama kawaida yake. Mwandiko usikushangaze, meza ninayoandikia inayumba.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Dada, simu yako anaipokea mama, na akiipokea anaweka spika ili na majirani wafaidike. Ndiyo maana hii nimeizika katikati ya mchele wa Chimala. Najua mama hachambui mchele tangu apate binti mkubwa wa kumchambulia.

Kazi ya mablanketi ya vipande inaendelea. Ile fremu unaijua: vitambaa vimetandazwa na pamba katikati, na cherehani yenyewe ndiyo inayotembea juu ya reli, mimi nimeshika vishikio kama dereva wa trekta. Shida yake ilikuwa mwendo. Mkono ukikimbia kuliko mota, mishono inarefuka. Mkono ukisita, inabanana. Basi nimenunua kifaa cha kurekebisha hilo. Kina kagurudumu kanakoviringika kwenye reli, kanapima mwendo wa mkono na kuiamuru sindano ifuate. Mimi nakiita Mnyapara. Maelekezo nilisoma picha tu, maana maandishi yalikuwa ya Kichina, na Kichina changu bado.

Bi Kumud, yule mwenye duka la vitambaa, ameniagiza blanketi la harusi ya binti yake Dimple. Unamjua. Akiridhika na fundi, wateja wa mji mzima wanamfuata. Asiporidhika, wanamfuata vilevile. Nikaanza ua la katikati, likatoka limepindapinda. Nikamlaumu Mnyapara. Nikalaumu umeme. Kisha nikafanya alichotufundisha baba: cherehani ikikukorofisha, itie mafuta. Nikapaka mpaka kwenye reli. Sindano ikawa inashona hapa, inaruka, inashona kule, kama mtu anayedondoa nyama kwenye pilau ya wenzake.

Nikamwita Filemoni, fundi redio wa hapa jirani. Aligusa reli, akanusa kidole, akaniuliza kama nilikuwa nakaanga. Akasema kagurudumu kanateleza badala ya kuviringika, kwa hiyo Mnyapara anadhani nimesimama. Akafuta mafuta yote, na mishono ikawa sawasawa kama punje za mahindi. Nikafumua ua, nikalishona upya, moyo umetulia.

Jana Bi Kumud akaja kutazama. Alipitisha kidole juu, akageuza upande wa chini, akavaa miwani. Halafu akasema taratibu, “Ruwaida, mishono yako mizuri. Lakini hili ua, mbona linasikia baridi?”

Nikacheka, nikamwambia ni ua la Mbeya. Alipoondoka nikamwomba Marta, yule binti ninayemfundisha kazi, afuate mchoro uleule kwa mashine ileile. Likatoka ua la kupeleka ikulu. Maskini akaniomba radhi, akidhani amekosea kwa kuwa halikufanana na langu.

Mnyapara anajua urefu wa mshono tu, dada. Njia ni kazi ya mkono.

Sasa nisikilize. Unakumbuka siku baba alipokupa mkasi wake mkubwa, akasema umeiva, tangu leo wewe ndiye mkataji? Ulitutambia mwaka mzima, na mimi nililia. Hakuna aliyejiuliza kwa nini fundi kama yule aache kukata ghafla. Tulikuja kuelewa aliposhindwa kushika kikombe cha chai.

Wiki iliyopita nimempa Marta mkasi. Nimemwambia ameiva.

Ni mkono wa kulia, mtetemo unaanzia kwenye kidole gumba. Sijamwambia mtu. Mume wangu namtilia chai nusu kikombe, naye anadhani nabana matumizi, ananisifu. Hospitali naogopa kwenda peke yangu, kwa sababu najijua, daktari akiniuliza nitamwambia ni umeme. Njoo twende wote. Mama mwambie unafuata blanketi. Akijua mapema atamwona baba kila nitakapoinua kijiko. Ua la Dimple atalimaliza Marta, na Bi Kumud nitamwambia mwenyewe lilishonwa na nani.

Nisalimie mama, ila usimsalimie kwa upole sana, asije akashtuka. Wasalimie na majirani, wale wa spika. Mchele uuoshe vizuri, una wino.

Ni mimi mdogo wako,
Ruwaida

Meza haiyumbi, dada. Nimeikagua.