Alama ya Kidole kwenye Filta

Jumatatu, 4 Machi

Mama amezikataa picha zote. Zote kumi na nne! Jana nilimkalisha studio, nikawasha taa mbili, nikampiga kwa lenzi yangu mpya niliyoihangaikia mwaka mzima. Leo nimemwonyesha. Akavaa miwani, akatazama, akavua miwani. Akauliza huyu bibi kizee ni nani.

Nikamwambia ni wewe, Mama. Akasema basi nimfute.

Jumapili anahamia kwa Kaka. Magoti yake hayaziwezi tena ngazi zetu, na Kaka ana nyumba ya chini, yenye uwanja. Sawa, sina neno. Lakini nataka picha yake moja ya kubaki nayo hapa. Tangu tumzike Baba, miaka tisa sasa, hajakubali kupigwa. Ukiinua kamera tu, kageuka. Safari hii alikubali kwa sababu anaondoka. Na mimi nimevuruga.

"Baba yako alikuwa ananitoa vizuri." Kasema hivyo, kaenda zake kumenya vitunguu. Imeniuma! Miaka ishirini na mbili niko kwenye kazi hii.

Jumanne, 5 Machi

Nimeshinda na albamu. Mama na gauni la vifungo vikubwa. Mama amembeba Kaka. Mama mwenyewe tu, anamcheka mpiga picha. Macho yake yako wazi kabisa, makali, lakini pembeni kila kitu kimelainika, kama unatazama kupitia mvuke wa chai. Na siyo Mama tu. Maharusi wote waliopigwa na Baba wako hivyo hivyo. Sijawahi kuliona hilo! Nilikuwa naziangalia picha zake kama mtoto wake, siyo kama fundi.

Enzi zile Jumamosi foleni ilishuka ngazi mpaka barabarani. Nitoe kama ulivyomtoa mkeo, ndivyo walivyokuwa wakimwambia. Baba anakohoa, anawaambia wasipumue, halafu anaacha kupumua na yeye. Anakuwa mwekundu macho! Mimi nimesimama mlangoni na karatasi ya majina, najiona bosi. Mama anapanda, anashuka, sijui na chai, sijui na nini. Nimezimisi siku zile!

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa Bisibisi, fundi wa kamera aliyekuwa akimtengenezea Baba. Amezeeka, lakini mdomo uleule. Nikamuuliza Baba alikuwa anatumia lenzi gani kwa picha za nyuso. Akasema lenzi ya kawaida tu, tena yenye mkwaruzo wa kiwandani. Mimi niulize filta, kile kioo cha kukaza mbele ya lenzi.

Nikauliza filta gani. Za UV! Baba yako alikuwa na wazimu wa filta za UV. Akanipa somo zima, nimesimama. Wakati wa filamu filta ile ilikuwa na kazi kweli: jua la mchana likifanya milima ya mbali iwe na ukungu wa bluu, ile inachuja miale ya jua isiyoonekana, picha inatulia. Siku hizi kamera zina kinga yake humo ndani, filta imebaki ya kuzuia vumbi na mikwaruzo.

Nikamwambia mimi hata situmii, kwa nini niweke kioo cha bei rahisi mbele ya kioo cha bei ghali? Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Mzee wako alikuwa akisema lenzi haiguswi, akasema. Ukitaka kucheza, chezea kioo cha mbele.

Kucheza vipi? Hapo ndipo alipokwama. Ilikuwa siri ya Mzee, hakuwahi kumwambia mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipata! Nimeipata!

Kwenye droo ya chini ya chumba cha giza, alimokuwa akisafishia picha, ndani ya kopo la pipi. Filta saba, kila moja na kitambaa chake. Sita safi. Ya saba iko kwenye kikasha cha plastiki, juu ameandika kwa mwandiko wake wa kuinama: NYUSO. Nikafungua. Kioo kimepakwa mafuta ya mgando, duara lote la pembeni, katikati pameachwa peupe, padogo kama sarafu. Basi! Hiyo ndiyo siri yote! Lenzi haikuguswa, ni filta iliyopakwa. Kope na macho yanapita pale peupe, makunyanzi yanapotelea kwenye mafuta. Baba wewe, mjanja kupindukia.

Na pale chini, kwenye mafuta yaliyoganda, kuna alama ya kidole. Nzima. Mistari yote inahesabika. Kidole cha Baba!

Nimekaa sakafuni nikalia kwa kwikwi, mtu mzima mimi.

Nimeipima kwenye lenzi yangu bila kukaza. Milimita hamsini na mbili, inaingia. Nitampiga Mama Jumamosi kwa mafuta yaleyale, bila kugusa kitu. Baba atampiga mkewe mara moja ya mwisho. Sijamwambia Mama, nataka aone mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Majirani wanamuaga Mama, nyumba imejaa. Masanduku mawili yamefungwa. Nimepanda studio mara nne kufungua kikasha. Alama ipo.

Jumamosi, 9 Machi

Ameifuta.

Nilishuka kuchukua waya wa taa, dakika tano tu, nikaiacha mezani. Narudi, Mama kafika juu, anahema, kaishika filta dirishani anaikagua. Inameta! Kaipulizia pumzi, kaifuta kwa upindo wa gauni. Ananiambia nyumba hii bila yeye tutaoza kwa uchafu.

Nikapiga kelele. Nimempigia mama yangu kelele, siku yake ya mwisho hapa. Nikamwambia amefuta kidole cha Baba, kitu pekee cha mwili wake kilichobaki duniani. Akanigeuzia mgongo. Nikaona bega linatikisika, nikajua nimemliza.

Alikuwa anacheka! Kacheka mpaka kaketi.

"Kidole cha baba yako? Na yale madawa yake ya kusafishia picha mikononi? Angethubutu kukigusa kioo!"

Ni yeye. Miaka yote ile mpakaji ni Mama. Baba mkono wake ulikuwa mzito, anapaka kama anapaka siagi kwenye mkate, harusi mbili zikaharibika. Tangu hapo kila akija bibi harusi Mama anapanda, anapaka, anashuka jikoni. Wateja wanamsifu Baba. Na mimi pale mlangoni na karatasi yangu ya majina, nikidhani analeta chai. Aibu imenijaa. Nimemwomba radhi, akasema niache ujinga, nilete mafuta.

Nikaleta. Nikampa filta anipakie, tupige, yaishe. Akairudisha mkononi mwangu.

"Nikiondoka nani atakupakia?"

Basi tuko hapa tangu saa nane. Mimi napaka, yeye anaifunga kwenye kamera, anachungulia, anaifungua, anaifuta. Mafuta mengi, anasema. Umeziba macho. Hapa chini umepaka harakaharaka. Mara ya sita sasa. Naandika haya huku anachungulia. Saa kumi na moja imepita, gari la Kaka linakuja alfajiri. Nimemwambia Mama, tafadhali, mwanga wa dirishani unakwisha, njoo ukae nikupige, hii inatosha. Wala hakugeuka. Anasema sura nimechukua kwake, lakini mkono ni wa baba yangu mtupu, mzito vilevile. Kaifuta tena. Ananyoosha mkono nyuma, ananipa kioo.