Aciro, Damu Yako Waliiuliza Malaria Tu

Ni mwaka mmoja sasa tangu robota la mitumba liporomoke kutoka juu pale sokoni Owino na kukupiga kichwani, mama yetu Aciro. Watu wanatuambia hasira hupoa. Yetu bado inachemka, na kifuniko tumekitupa.

Uliuza mashuka na hukuwahi kumficha mteja tundu. "Hili lina dirisha," ulimwambia, "ukipenda hewa, chukua." Rahima wa banda jirani alipougua ulimlisha mwezi mzima, ukisingizia eti posho, ugali wa siku, imekuzidi sufuriani.

Na uliishi miaka thelathini na minne na mumeo Odyek, polisi mstaafu, yule aliyemkimbiza mwizi kutoka Kawempe mpaka mwizi mwenyewe akaomba pingu apate kupumzika. Kila hadithi yake uliikata kwa maneno mawili: "Punguza nusu."

Siku ile alikufikisha kliniki ya mtaani, Makindye. Ulikuwa umetapika mara mbili, na mwanao Jasper ulimwita kwa jina la marehemu kaka yako. Odyek akamwambia musawo, "Robota la kilo arobaini na tano, daktari! Limetoka juu kuliko paa la banda!" Siku hiyo hakuongeza hata gramu. Nawe, kichwa kikikupasuka, ukacheka: "Musawo, huyu afande ni mume wangu. Punguza nusu."

Musawo akacheka. Akapunguza.

Wakakutoa damu, tukangoja. "Malaria hakuna. Damu safi kabisa, mama, nenda ukapumzike." Nasi wajinga tukashukuru! Tukapigia simu ukoo mzima: damu safi. Asubuhi hukuamka.

Baada ya mazishi, daktari wa hospitali kubwa alitueleza kwamba ubongo ukiumia huvujisha protini zake kwenye damu, na vipo vipimo vya kuzisaka ndani ya saa chache, ili ijulikane nani akimbizwe kupigwa picha ya kichwa. Basi huenda damu yako ilikuwa na habari yote, mama, inapiga kelele ndani ya kichupa, na wao wanaiuliza habari za mbu! Haya, kipimo hicho hakijafika mtaani kwetu. Matapishi je, hayakufika? Jasper kuitwa jina la maiti, hilo nalo hawakulisikia? Nani aliwafundisha kwamba kila kichwa kinachouma kimeumwa na mbu?

Siku hizi Odyek akianza hadithi husimama katikati, anangoja kukatwa. Hakuna wa kumkata. Huinuka akaenda kulala, huku mwizi wake hajakamatwa.

Wanaokukumbuka kwa uchungu ni mumeo Tarcisio Odyek, wanao Jasper na Atoo, dada yako Aber, na Rahima, ambaye mbele ya banda lako bado anakutandikia shuka moja, lile lenye dirisha.

Daima tutakukumbuka, Aciro. Na hili, mama, usilipunguze nusu.