Kiungulia Mbele ya Wakwe

Mukendo, Musoma
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Otilia,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona tangu ulipoteleza shambani kwenye kahawa, na kwamba mama bado ana nguvu za kugombana na mbuzi wa jirani. Mimi huku ni mzima. Neno hilo "mzima" nimelipigania miezi mingi, kwa hiyo lisome polepole, halafu kaa chini, maana nina habari na mwishoni nina ombi.

Unakumbuka barua zangu za miaka ile ya shida, nilipokuwa nakuandikia kwamba tunakunywa uji bila sukari na kupanga foleni ya sabuni? Sasa maduka ya Musoma yamejaa. Mafuta ya kupikia yapo, sukari ipo, soda ipo hata Jumatatu. Basi mimi nikaamua kuila njaa ya miaka yote kwa mpigo. Nikitoka karakana jioni nilikuwa nakula sangara wa kukaanga, yule aliyenona hadi anajikaanga mwenyewe, na ugali wa udaga, ule unga wao wa muhogo uliovundikwa, wa kutosha watu wawili, nateremsha kwa soda mbili, kisha najitupa kitandani. Nilinenepa, nikajiona tajiri.

Ndipo kikohozi kikaanza. Asubuhi sauti ilikuwa ya jogoo mgonjwa, na kifua kinapiga filimbi. Mafundi wenzangu wakasema ni vumbi la mbao. Nikajifunga kitambaa mdomoni wiki tatu, wateja wakadhani nimekuwa jambazi, na kikohozi hakikujali. Hata Jumapili, siku ambayo sishiki randa, nilikohoa kanisani mpaka padri akasimamisha mahubiri kunisubiri. Wapangaji wenzangu wakanitengea kikombe. Walikifunga tu uzi mwekundu kwenye mkono wake.

Sasa hapo anaingia Nyangeta. Sikukuambia habari zake kwa sababu ungemwambia mama, na mama angeanza kushona sare siku hiyohiyo. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, kwao ni Butiama, na nataka kumwoa. Kwanza alinipeleka Bunda kwa shangazi yake, anayeuza chai stendi, ili anikague kabla ya baba. Shangazi akanilisha nyama ya kukaanga na kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo ya ng'ombe. Huku mgeni akikataa chakula amewakataa wenyeji, nami nikamaliza sahani zote. Kisha akaniambia nijinyooshe kidogo kwenye mkeka. Dada, nilikohoa mpaka kuku wakakimbia kutoka ndani.

Habari ilifika Butiama kabla yangu. Baba yake, mzee Wambura, akatuma neno fupi: "Sisi hatuozeshagi binti kwa mtu wa kifua kikuu. Apime kwanza." Nyangeta alilia. Mimi niliogopa kweli, maana nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba ninacho.

Nikapima makohozi mara tatu na kupigwa picha ya kifua. Safi. Daktari, mzee mwenye miwani iliyoungwa kwa plasta, akaniuliza, "Unapataga kiungulia?"

Nikasema hapana.

Nilidanganya. Kilikuwa kinaniunguza kila siku kutoka tumboni hadi kooni. Lakini kiungulia najua ni cha nani. Wewe ulipokuwa na mimba ya Festo ulikilalamikia hadi bibi akasema mtoto atazaliwa na nywele nyingi. Mwanamume mzima, fundi seremala, aseme ana kiungulia? Daktari akanibonyeza tumbo kwa vidole viwili, nami nikacheua mbele yake kwa sauti.

"Haya," akasema, "anza upya."

Akanieleza kwamba nikilala nimeshiba, asidi ya tumboni inapanda hadi kooni, na matone mengine yanapotea njia yakaingia kwenye mapafu. Mapafu hayaiwezi asidi, basi yanakohoa ili kuitoa. Nikiacha hivyo miaka na miaka, naweza kupata nimonia za kujirudia, na hata makovu kwenye mapafu yenyewe. Hapo sikucheka. Nikapewa dawa, nikaambiwa nipunguze mafuta na soda, nile mapema, nikae saa tatu nzima baada ya kula kabla ya kulala, na kitanda kiinuke upande wa kichwa. Matofali sikuwa nayo, kwa hiyo nikachukua msumeno nikakata miguu ya upande wa chini. Mteja aliyenifuata chumbani kuagiza kabati alikiona kitanda kimeinama, akaaga kwa heshima na hakurudi. Lakini baada ya miezi miwili kikohozi kilikwisha.

Nikaenda Butiama na cheti mfukoni. Walikuwepo wazee watano, wanawake mlangoni, na shangazi wa Bunda mbele kabisa. Mzee Wambura akakisoma cheti mara mbili, akakikunja.

"Kifua kizima. Sasa ulikuwa unakohoa nini?"

Nyangeta alikuwa amenishauri niseme ni vumbi. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Lakini mzee alikuwa ananitazama, na nikaona nikianza na uongo nitaishi nao katika nyumba ile maisha yangu yote.

"Kiungulia, baba."

Shangazi hakuchelewa. "Una miezi mingapi?"

Walicheka mpaka mzee mmoja akaangusha fimbo. Nyangeta naye alicheka, akaficha uso kwenye kanga, na hilo liliniuma kuliko yote. Kwa kuwa aibu ilishanipata, nikaeleza mambo yote: asidi, koo, mapafu, kitanda. Nilipomaliza nikaona mzee Wambura hajacheka hata kidogo.

"Na mtu akiamka mdomo mchungu?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, baba."

"Sauti ikikauka asubuhi?"

"Hiyo hiyo."

"Akilala chali anakabwa?"

Kicheko kikakatika. Mama yake Nyangeta akasema kutoka mlangoni, "Baba Nyangeta, si wewe unalalaga kwenye kiti, mwaka wa tatu huu? Na nimonia imekupata mara mbili!"

"Nilikuwaga nasema ni vumbi la zizi," mzee akajibu taratibu.

Nikamwambia yule daktari yupo, na nitampeleka mwenyewe. Mzee akanirudishia cheti changu. Kisha akasema, "Leta watu wenu. Lakini waje asubuhi. Tutakula mapema, mafuta kidogo, na mtu yeyote asilale na chakula kooni."

Dada, nililia pale mbele yao, na hakuna aliyenicheka.

Ombi langu ndilo hilo. Njoo wewe na mjomba Longinus, kahawa ikishavunwa. Najua Mbinga hadi huku ni siku nyingi barabarani, lakini sina mwingine wa kunisemea. Mama mpe shikamoo yangu, bibi pia, na shemeji mwambie nyundo aliyonipa bado inafanya kazi. Ukiwasomea barua hii kwa sauti, hakikisha majirani wameondoka.

Nimeshampeleka mzee hospitali, na kila nikimwona ananiuliza watu wangu wanafika lini. Usinijibu kwa barua ndefu. Andika tu kwamba mnakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Thadei