Mwacheni Mzee Alale

Kaka yangu,

Huku wengine wote ni wazima, ila shangazi amenichosha, na wewe umenichosha zaidi. Kila asubuhi wauguzi wanampunguzia baba dawa ya usingizi, waone kama ubongo unaitikia tangu damu ilipovujia kichwani. Akianza kuhangaika na ule mpira wa kupumulia, shangazi anakupigia simu analia, nawe unamfokea daktari: "Mwacheni mzee alale!" Jana, kwa kelele zenu, wakaahirisha. Siku nzima hakuna aliyejua kama baba yupo au hayupo. Umefurahi?

Leo nimemtoa shangazi nje, nikazima simu. Dawa ikapunguzwa. Muuguzi akamwambia, "Mzee, nibane mkono." Kimya. Nikajaribu mimi, kimya. Nikamtajia wajukuu, wapi! Hasira zikanipanda, nikamwambia, "Baba, mwanao wa kiume yuko njiani."

Kaka, alinibana mpaka pete ikaniumiza.

Sasa nimeshamdanganya mgonjwa kwa ajili yako. Kesho watampunguzia tena, na akifumbua macho ataangalia mlangoni. Usipige simu. Njoo.

Dada yako, mkono bado unaniuma