Koti Nililolifua Mara Saba

Kwako binti yangu, zimamoto wa pili katika ukoo huu,

Sisi hatujambo. Mama yako amepaka jiko rangi ya kijani, kisha ananiuliza kama inapendeza, utadhani nina ubavu wa kusema hapana.

Barua yako nimewasomea majirani wote. Umesema moto ulipozimika wenzako walivua barakoa wakaanza kufukua majivu, wewe ukagoma kuvua yako, na mkuu wako akakuita mwoga. Mwanangu, nilicheka kwa furaha mpaka nikakohoa, na siku hizi nikianza kukohoa si jambo dogo.

Enzi zetu koti jeusi kwa masizi ndilo lililokuwa cheo. Mwenye koti safi alionekana mgeni kazini. Langu lilining'inia nyuma ya mlango miaka ishirini na sita, bega kwa bega na sare zako za shule. Juzi daktari aliniambia nipulize kimashine chake cha kupima mapafu, akatikisa kichwa. Nikarudi nyumbani nikalifua. Maji ya saba ndiyo yaliyotoka safi.

Mkuu wako mwambie hivi: "Baba yangu hakuwahi kukimbia moto, na yeye ndiye aliyesema nisivue."

Kwenye kifurushi nimekuwekea filimbi yangu, ile niliyokuwa nikiipuliza mtaa mzima unatoka nje. Ni yako sasa. Jana niliijaribu, haikulia.

Ni mimi baba yako, kifua mbele.